Shingo ya Mpiganaji Hujengwaje?

Kwenye mazoezi ya ngumi ya mitaani, iwe Pasua na Majengo hapa Moshi au Ngarenaro na Unga Limited kule Arusha, bondia akiangushwa kwa konde moja hukumu hutolewa papo hapo: hana shingo. Wanaosema hivyo hawajakosea. Shida inaanza baadaye, pale kila mmoja anapokwenda kuitafuta shingo kwa njia aliyoisikia. Huyu anasimamia utosi wake sakafuni siku ya kwanza ya mazoezi, yule ananing'iniza chuma cha kilo 20 kichwani kwa mnyororo, na mwingine anaamini kwamba misimu aliyobeba mizigo mlimani ilishamaliza kazi hiyo. Kabla ya kuchagua zoezi lolote inafaa kujua shingo inafanya nini hasa wakati konde linatua. Wengi wetu tunaopenda michezo hii hatukuwahi kuelezwa, na wanaolipia ni vijana wetu.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4.5 hadi 5 hivi. Kimekaa juu ya pingili saba, zilizo ndogo kuliko pingili za mgongo na za kiuno. Mbili za juu kabisa, zilizo chini ya fuvu, ndizo zinazofanya karibu nusu ya kazi yote ya kugeuza kichwa kulia na kushoto. Pingili hizi zimezungukwa na misuli kwa matabaka. Ya nje unaiona kwenye kioo: ule unaoshuka kutoka nyuma ya sikio hadi kwenye mfupa wa kifua, na ule mpana unaoanzia kisogoni ukatandaa mpaka mabegani na katikati ya mgongo. Ya ndani huioni. Kuna misuli midogo iliyolala mbele ya pingili, nyuma ya koo, na mingine mifupi sana chini ya kisogo. Hiyo ndiyo inayoshikilia pingili moja moja zikae mahali pake wakati ile mikubwa inavuta. Mtu anayejenga ya nje peke yake anapata shingo nene, lakini kiungo cha ndani kinabaki kilegevu, na mara nyingi ndiye huyo anayelalamika shingo kukaza na kichwa kuuma kila baada ya sparingi, yaani pambano la mazoezi.

Sasa tuje kwenye konde. Bondia haangushwi na maumivu ya taya. Konde likigonga kidevu kutoka pembeni, kichwa kinazunguka ghafla. Fuvu linakwenda nalo, lakini ubongo ulio ndani ni laini na umezungukwa na majimaji, kwa hiyo unachelewa. Weka bakuli la mtori mezani ulizungushe kwa nguvu mara moja: bakuli linageuka, mtori wa katikati unabaki ulipokuwa, na ule ulio kandokando ya bakuli unavutana na kujikunja. Ndani ya kichwa kinachovutana ni nyuzi za neva. Mwanafizikia wa Oxford aliyeitwa Holbourn alilieleza jambo hili mwaka 1943, akitumia mifano ya fuvu iliyojazwa jelatini, na hoja yake kwamba mzunguko wa ghafla una madhara makubwa kwa ubongo imeendelea kuwa msingi wa elimu hii hadi leo. Ndiyo maana kidevu kinasakwa sana ulingoni. Kiko mbali na mhimili wa shingo, hivyo konde la wastani likitua pale huzungusha kichwa zaidi ya konde zito lililotua kwenye paji la uso. Na ndiyo maana pia kofia ya mazoezi inakinga nyusi zisipasuke lakini haizuii mtikisiko wa ubongo. Chama cha kimataifa cha ngumi za ridhaa kiliwaondolea wanaume kofia hizo mwaka 2013, na kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016 walipigana bila kofia.

Shingo inaingia hapa. Ikiwa imelegea, konde linakutana na kilo 5 za kichwa peke yake, na kitu chepesi kikigongwa huondoka kwa kasi. Misuli ikikaza pande zote kwa pamoja, kichwa kinafungamana na kifua, na konde lile lile sasa linalazimika kusukuma sehemu ya uzito wa kiwiliwili pia. Kichwa kinasogea kidogo, tena kwa kasi ndogo, na ubongo unavutika kidogo. Faida ya shingo kwa bondia ndiyo hiyo. Haizuii konde kuuma wala haifanyi taya kuwa ngumu. Inapunguza kasi ambayo kichwa kinaokota baada ya kugongwa.

Lakini kuna jambo la muda, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Mwaka 1985 watafiti wa Uingereza walichapisha vipimo vya konde la Frank Bruno, bondia wa uzito wa juu. Nguvu yake ilifika newtoni 4,096, sawa na uzito wa kilo 400 na zaidi kidogo, na ilifika kileleni ndani ya milisekunde 14 tangu glovu ilipogusa. Misuli ya shingo iliyoshtukizwa, yaani isiyojua kwamba kuna kitu kinakuja, huhitaji milisekunde 50 hadi 70 hivi ili ianze tu kuitika. Linganisha namba hizo mbili. Konde limeshafika, limeshasukuma na limeshakwisha kabla shingo haijaamka. Kwa hiyo hakuna shingo duniani, hata ingekuwa nene kiasi gani, inayopambana na konde baada ya kulihisi. Inayosaidia ni ile iliyokuwa imeshakaza kabla ya glovu kugusa.

Mike Tyson alikuwa na shingo inayotajwa kuwa karibu sentimita 50, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hana shingo. Tarehe 11 Februari 1990 jijini Tokyo, Buster Douglas alimwangusha katika raundi ya 10. Shingo ilikuwa ile ile ya miaka yote. Kilichobadilika ni kwamba mwenyewe alikuwa amechoka, jicho la kushoto limevimba, na makonde yalikuwa yakimfikia bila kuyaona vizuri. Mabondia wa zamani wanasema konde linaloangusha ni lile usiloliona, na vipimo vya maabara vinawaunga mkono.

Kutokana na hilo, kwa bondia, macho ni sehemu ya mazoezi ya shingo. Kushusha kidevu, kutofumba macho, kutogeuza uso pembeni kwa hofu, kutopigana kinywa wazi kwa uchovu: haya yote yanaamua kama nguvu uliyoijenga itakuwapo kwa wakati. Kocha anayemwachia kijana afanye raundi nne za sparingi huku amechoka na kidevu kiko juu, kisha anampa mazoezi ya shingo ya dakika 20, amepanga mambo kinyume. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu nimeliona sana: mazoezi ya shingo yanafanywa mwanzoni kama sehemu ya kupasha mwili moto, halafu vijana wanavaa glovu na kupigana na misuli iliyoishiwa nguvu. Shingo iliyochoka inachelewa kukaza. Ifanyie kazi mwishoni, baada ya kila kitu, au siku ambayo hakuna kupigana kabisa.

Je, kuna ushahidi kwamba shingo imara inapunguza mtikisiko wa ubongo? Upo, ila usiupe uzito kuliko ulio nao. Utafiti unaotajwa zaidi ulichapishwa mwaka 2014 kuhusu wanafunzi 6,704 wa sekondari nchini Marekani, waliocheza mpira wa miguu, mpira wa kikapu na lakrosi, mchezo wa kurushiana mpira kwa fimbo zenye wavu. Ulionyesha kwamba kila nguvu ya shingo ilipoongezeka kwa ratili moja, yaani karibu nusu kilo, uwezekano wa kupata mtikisiko ulipungua kwa asilimia 5. Ni matokeo mazuri, lakini wale hawakuwa wakipigana ngumi. Utafiti mwingine wa vijana wa hoki ya barafu, uliochapishwa mwaka 2011, haukuona kwamba wenye shingo zenye nguvu walipata misukosuko ya kichwa iliyo midogo kuliko ya wenzao. Mimi naichukua hivi: shingo imara ni kinga ya ziada inayostahili jasho lake, na mtu asiitumie kamwe kama ruhusa ya kupigwa kichwani mara nyingi zaidi mazoezini.

Watafiti wale wa Marekani walitumia kifaa rahisi sana, mizani ya mkononi ya kuvuta. Mizani ya kuning'iniza tunazo tele, zile za wachuuzi wa Soko la Kilombero na Mbuyuni. Ifunge kwenye nguzo kwa urefu wa kichwa, unganisha na mkanda mpana au taulo lililozunguka paji la uso, vuta polepole bila kurusha kichwa, na mwenzako asome. Pima mbele, nyuma, kulia na kushoto. Kuvuta kwa nyuma kwa kawaida huwa na nguvu kuliko kwa mbele, hilo lisikutishe. Ukikuta kulia na kushoto vimeachana sana, umepata kazi ya kuanza nayo. Daftari la namba hizo nne lina thamani kubwa kuliko kujipima unene kwa futi ya fundi cherehani.

Sasa nirudi kwa ndugu zetu wapagazi, kwa sababu Moshi huwezi kuongelea shingo ukawaacha. Vijana wengi wanaoingia kwenye ngumi na kikboksi hapa wamepanda Kilimanjaro na mizigo. Kanuni ya hifadhi inaweka kikomo cha kilo 20 kwa mpagazi, na sehemu ya mzigo huo hukaa kichwani au nyuma ya shingo kwa saa nyingi. Vivyo hivyo akina mama wanaoshuka na mikungu ya ndizi kwenda Kiboriloni. Wana usawa wa mwili ambao mtu wa mazoezi anautamani. Hata hivyo mzigo wa kichwani unasukuma kutoka juu kwenda chini moja kwa moja. Wanaoubeba hasa ni pingili na sahani laini zilizo katikati yake. Misuli inafanya kazi ndogo ndogo ya kusawazisha. Konde linakuja kwa pembeni na kwa mzunguko, na upande huo mzigo haukuufundisha kitu. Zaidi ya hapo, tafiti za watu wanaobeba mizigo kichwani kwa miaka, zikiwamo za nchi za Afrika, zimeonyesha pingili zao za shingo zikichakaa mapema.

Basi mpagazi akija kwenye ukumbi wa ngumi, ana mapafu na miguu ambavyo wengine watavihangaikia mwaka mzima, lakini shingo yake isichukuliwe kuwa tayari. Inaweza kuwa imechoka. Kocha amuulize alishuka lini mlimani, na wiki hiyo asimwekee uzito wowote juu ya kichwa.

Hapo ndipo linapokuja suala la daraja, lile zoezi la kuinua mwili huku kisogo au paji la uso likiwa sakafuni. Wanamieleka wanalihitaji, kwa sababu kwao ni mbinu ya mchezo: mtu anayekaribia kubanwa mabega yote mawili chini hujinasua kwa kujikunja daraja. Ni haki yao kulijenga, polepole, wakianza na mikono sakafuni kubeba sehemu kubwa ya uzito. Lakini tazama walichofanya watu wa judo. Katika kanuni za shirikisho la kimataifa la judo, anayetupwa akatua kwa daraja, kichwa na miguu vikiwa chini ili kukwepa pointi, anahesabiwa kuwa ametupwa kikamilifu, ipponi, na pambano linaisha. Anayejitosa kichwa mbele akitupa mwenzake anaondolewa. Mchezo mzima uliamua kwamba kutua juu ya shingo ni hatari ya kutosha kuiondolea faida yoyote.

Sababu iko kwenye umbo la pingili. Shingo ikipinda nyuma hadi mwisho, matundu ambayo neva za mikono hupitia yanazidi kuwa membamba. Ukiongeza uzito wa mwili juu yake, tena mwili wa kilo 80 wa mtu ambaye shingo yake haijawahi kufanya zoezi lolote, unabana mahali pasipotakiwa kubanwa. Bondia hana haja ya daraja. Nguvu anayoitaka anaweza kuipata kwa njia nyingine bila kuweka utosi chini, na nisingependa kuliona kwenye mazoezi ya watoto hata kidogo.

Njia hizo nyingine ni za kawaida na hazina gharama. Anza na misuli ya ndani, ile inayosahaulika. Lala chali bila mto, magoti umekunja, kisha inamisha kidevu kidogo sana kama mtu anayeitikia kwa kichwa, mpaka uhisi nyuma ya shingo inarefuka sakafuni. Shikilia kwa sekunde 10, pumzika, rudia mara 10. Ukiona misuli mikubwa ya mbele imesimama kama kamba, umetumia nguvu nyingi mno. Zoezi hili halina sifa yoyote machoni pa watu, na vijana wengi huliacha baada ya siku mbili. Ningewasihi walivumilie, kwa sababu mengine yote yanakaa juu yake.

Kisha fanya kazi na kiganja chako mwenyewe. Kiweke pajini, sukuma kichwa mbele, mkono uzuie, kisisogee kitu. Sekunde 6 hadi 10, kwa nusu ya nguvu yako katika wiki mbili za mwanzo, ndipo uongeze. Hamia kisogoni, kulia, kushoto, halafu weka kiganja kwenye panja na ujaribu kugeuza kichwa huku mkono ukikataa. Ule upande wa kugeuza usirukwe, maana ndio unaofanana na konde la pembeni.

Baada ya mwezi hivi, tafuta mpira wa tyubu, wa aina ile bodaboda wanayofungia mizigo. Ukague usiwe na nyufa, kwa sababu ukikatika utakurudia jichoni. Ufunge kwenye nguzo, uzungushe kichwani juu ya taulo lililokunjwa, simama mkao wako wa kupigana, kidevu chini, sogea mpaka mpira uvutike. Kichwa kibaki mahali pake. Sasa tembeza miguu, rusha konde la mbele, badilisha upande, geukia nguzo, ipe kisogo. Kwangu mimi hili ndilo zoezi lenye faida kuliko yote kwa mpiganaji wa kusimama, kwa kuwa shingo inajifunza kukaza wakati mikono na miguu inafanya kazi nyingine, kama itakavyotakiwa ulingoni. Uzito wa chuma unaweza kufuata: lala kwenye benchi kichwa kikiwa nje, taulo juu ya paji, kilo moja au mbili na nusu, inua taratibu mara 15 hadi 20, kisha geuka kifudifudi ufanye upande wa nyuma. Hakuna haja ya kukimbilia vyuma vizito. Na msuli ule mpana wa mabegani unajengwa kwa kupandisha mabega ukiwa umeshika ndoo mbili za maji.

Mara mbili au tatu kwa wiki inatosha. Nguvu huanza kuonekana kwenye mizani baada ya wiki sita hadi nane. Mabinti wanaoingia kwenye ngumi wasilikwepe jambo hili kwa kuogopa shingo kuwa nene. Kwa wastani wanawake wana shingo nyembamba na zenye nguvu ndogo kulinganisha na ukubwa wa vichwa vyao, na katika michezo inayochezwa na jinsia zote kwa kanuni zinazolingana wao hupata mitikisiko ya ubongo zaidi. Kwao faida ya mazoezi haya ni kubwa mno kuachwa.

Kwa wanaocheza judo na michezo ya kukabana, onyo moja fupi. Kabali iliyoingia vizuri hubana mishipa ya damu iendayo kwenye ubongo, na mtu hupoteza fahamu kwa sekunde 10 hivi. Unene wa shingo haumwokoi. Kidevu na mikono ndivyo vinavyoizuia kabali isiingie, na ikishaingia, mgonge mwenzako au sakafu kwa kiganja ujisalimishe.

Ganzi inayoshuka mkononi, mkono kukosa nguvu ya kushika kikombe, maumivu makali ya upande mmoja wa shingo yaliyoanza ghafla pamoja na kope kulegea, miguu kutembea ovyo: hayo si mambo ya kuchuliwa na mwenzako kwa mafuta ya moto. Ni ya kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo, Mount Meru kwa walio Arusha, Mawenzi au KCMC kwa walio Moshi. Mtu aliyeumia kwa kuanguka na kichwa asiinuliwe haraka wala kugeuzwa shingo ili kumpa nafuu. Alale alivyo, kichwa kishikiliwe kisisogee, mpaka wafike wanaojua kumbeba.

Na aliyeangushwa kwa konde la kichwa, hata kama amesimama akicheka, siku hiyo amemaliza. Kanuni za kimataifa za ngumi za ridhaa kwa miaka mingi zimemzuia bondia wa namna hiyo kupigana wala kufanya sparingi kwa siku zisizopungua 30, na akiangushwa mara ya pili ndani ya miezi mitatu, siku 90. Mtaani hakuna mwamuzi wa kuhesabu siku hizo, kwa hiyo inabidi kocha azihesabu mwenyewe. Siku mbili za mwanzo ni za kupumzika na kutembea kidogo. Dalili zikianza kupungua, anarudi taratibu kwenye mbio nyepesi na yale mazoezi ya kidevu akiwa amelala chali; ya kiganja yasubiri mpaka kichwa kiache kuuma kabisa, na mpira wa tyubu usubiri zaidi. Kila hatua ichukue angalau siku moja, na kichwa kikianza kuuma au kizunguzungu kikirudi, anashuka hatua moja nyuma. Glovu za sparingi anarudishiwa mwisho kabisa, siku 30 zikiwa zimetimia na daktari akiwa ameruhusu.